Weka Picha Hapa

Logan, Utah
Jumapili, baada ya kanisa

Mdogo wangu Tamra,

Kitabu cha mashairi yangu kimefika kutoka kwa wachapaji. Kurasa zote nilizipamba mwenyewe kwenye kompyuta: maua, utepe, hata vifungo vya koti la Mama, ambavyo ukivigusa ni karatasi tupu. Mashairi ni yaleyale; mapambo yameyasitiri.

Ila nimefanya yangu. Kwenye shairi lako niliacha fremu wazi nikisubiri picha uliyoniahidi, nikasahau kufuta maneno yaliyokuja na fremu. Basi katika kila nakala, chini ya jina lako, pameandikwa kwa herufi za madaha: WEKA PICHA HAPA.

Verl amecheka mpaka akamwaga supu. "Mke wangu, hata kompyuta inamuulizia shemeji!"

Najua tangu dawa za saratani zikunyonyoe nywele hutaki kamera, wala hutaki kuja nyumbani. Sikulaumu. Lakini nimekataa kuchapisha upya. Njoo na kichwa chako kama kilivyo, tupigwe picha pamoja. Mimi nitavua meno ya bandia. Gundi ya kuibandika picha ninayo, ya kweli, si ya kompyuta.

Dada yako, mshairi wa jikoni,
LaRae