Mkono wa Kushoto wa Padri Mikel

Uvira, 11 Februari 2024

Mwanangu Hénock,

Salamu nyingi toka nyumbani. Mvua za Johannesburg zimekuacha salama? Na kifua chako? Anayeandika ni jirani yetu Jocelyne, mimi nasema tu, kisha yeye anapiga picha karatasi na kukutumia kwa simu. Tangu nilipopooza, mkono wa kulia hauinui hata kijiko. Nalishwa kama mtoto mchanga, mimi niliyekuwa napiga mpira wa Padri Mikel mpaka ukuta wa misheni unalia. Usiniulize tena habari za mazoezi ya daktari. Bila mkono ule mimi si mtu. Niache nimalizike polepole.

Baba yako

Bellevue, Johannesburg, 18 Februari 2024

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Eish, barua yako imenichoma. Niliisoma getini, zamu ya ulinzi ikiisha, nikashindwa kwenda kulala.

Kila Jumapili mimi na wenzangu tunapiga mpira ukutani, nyuma ya fleti za mtaa wa Berea, viganja vitupu, vile ulivyonifundisha. Wapita njia wanauliza mchezo gani huu. Nawaambia ni pelota, tuliletewa na padri Mbaski wa Hispania, bingwa kwao kabla hajavaa kanzu, aliyefika Uvira na mipira ya ngozi ya mbuzi sandukuni.

Lakini baba, wewe ndiye uliyenisimulia yaliyompata. Alianguka toka paa la kanisa, mkono wa kulia ukavunjika, haukupona. Kwaresima ilipofika akaja ukutani, mkono ule kaufunga kwenye mkanda, akaanza kupiga kwa kushoto. Akakosa kila mpira. Nyinyi watoto mlimcheka mpaka mkakaa chini. Naye akacheka, akawaambia, "Chekeni, kisha mnirudishie mpira." Mwaka uliofuata hakuna aliyemshinda.

Sina baba mwingine. Usinifie kwa ajili ya mkono mmoja.

Mwanao Hénock

Uvira, 25 Februari 2024

Kaka Hénock,

Habari za kazi? Huku tunaendelea hivyo hivyo. Nimemsomea mzee barua yako. Aligeukia ukuta. Jioni uji niliurudisha jikoni kama ulivyokuwa.

Dada yako Jocelyne

Bellevue, 24 Machi 2024

Baba,

Umeamkaje? Mwezi mzima sijapata kitu. Jocelyne naye ananijibu tu kwamba upo. Leo sikwenda kucheza, nimeshinda nikiangalia simu. Nitumie hata neno moja, tafadhali.

Hénock

Uvira, Pasaka

Hénock,

Jambo. Mimi mzima kiasi. Jocelyne yuko misa, naandika mwenyewe. Kushoto.

Baada ya barua yako, Kwaresima yote iliyobaki ule wa kulia ulifungwa kwenye mkanda. Nilimkataza Jocelyne kukuambia, niliona haya. Uji umemwagika sana, shuka zote yeye ndiye aliyezifua, maskini. Leo kijiko kimefika mdomoni.

Karatasi hii imekula asubuhi yangu yote, na herufi zimelala kama walevi. Cheka, mwanangu, kisha unirudishie mpira.

Baba