Diski Tuliyoifuta na Mursik wa Mama Jerusa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Sellah Chepchirchir. Umri: miaka 23. Elimu: kidato cha nne. Kazi: mkulima wa chai. Makazi: karibu na Sotik.

Ndiyo afande, ni huyo huyo mrefu mliyemfungia ndani mchana huu. Kipkirui ni mume wangu wa wiki tatu, na nikitaja jina lake bado natabasamu. Ni karani wa kikundi chetu cha maziwa, kwa hiyo laptop ya kikundi hukaa kwetu.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, mwendo wa saa kumi jioni, alikuwa akinifundisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, sebuleni. Ameweka programu inayounda kompyuta ya mazoezi ndani ya laptop. Inafunguka kama dirisha, ina diski yake ya kuigiza. Aliniambia, "Mpenzi, humo ndani haribu utakavyo. Huku nje hakuna kitakachoguswa." Nimeolewa na mtu wa namna hiyo, afande.

Mama Jerusa, mweka hazina wa kikundi, aliingia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kutupongeza. Alikuta dirisha hilo limejaza kioo chote, likiniuliza kama nataka kufuta diski nzima. Nikakubali. Kipkirui akapiga makofi: "Umeweza, malkia wangu!"

Mama Jerusa hakuketi. Aliondoka na kibuyu chake.

Leo tarehe 15, baada ya ibada, mume wangu alikamatwa kwa kufuta rekodi za maziwa za wakulima wote. Sikulia. Nilibeba laptop nikaja nayo.

Hapa kituoni, mbele ya Mama Jerusa na wewe, Koplo Adoyo, nilifunga dirisha la mazoezi na kufungua rekodi. Zote zilikuwepo, hata maziwa yake ya Ijumaa.

"Futa tena nione," akasema Mama Jerusa.

Nikafuta ile diski ya kuigiza. Rekodi zikabaki. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe mlikuwa mnacheza nyumba-nyumba! Na mimi nimemwita mwizi mlangoni pa kanisa!"

"Na mursik wetu, Mama?"

"Nimeumaliza kwa hasira."

Nimesema niliyoyaona, nimesomewa, nayo ni kweli. Naomba mume wangu.

Sahihi: S. Chepchirchir

Maandishi ya afisa: Mlalamishi ameondoa malalamiko na mshukiwa ameachiliwa. Wameondoka wameshikana mikono. Mama Jerusa ameahidi mbele yangu kuwatembelea kabla mwezi haujaisha, kibuyu kikiwa kimejaa, na safari hii ataketi.
Koplo Adoyo