Jina Yako mu Bibliographie

Makomeno, Lubumbashi

Nkambo Chisanga,

Samaki ya kukausha yenye ulituma toka Kasenga ilifika. Batoto baliimaliza siku moya.

Article yangu juu ya samaki ya mutoni Luapula, revue ya université inairudisha. Ku mwisho, mu bibliographie, ile liste ya bitabu na bantu benye balinifundisha, banataka nifute jina yako juu haukuandikaka kitabu, niweke ya Profesa Sylvain. Ule mwenye ulimufundisha majina ya samaki moya moya, mwaka muzima, akikula bukari yako!

Ma-virgule na ma-italique nilitengeneza yote vile banapenda. Jina yako sitafuta. Bakikatala, bakatale. Ku jina yako, penye banauliza nani alichapa kitabu, niliandika: "Iko muzima, Kasenga. Muende mumuulize."

Mujukuu wako mwenye kichwa nguvu,
Marceline