Ndiyo ya Mama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ukishaitikia marahaba tafuta kiti ukae, maana anayekuandikia si yule mdogo wako uliyemwacha akigombana na hesabu za sehemu. Siku hizi mimi ni kompyuta. Sisemi nafanya kazi na kompyuta, hao wamejaa kila ofisi. Nasema kompyuta yenyewe ni mimi, tena ya aina ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitoa: umeme ukikatika haizimi, chaji yake ni kikombe cha chai, na ina sura nzuri. Watu wazima wenye miwani wamenitazama nikifanya kazi wakabaki kutikisa vichwa.

U hali gani lakini? Shemeji na watoto hawajambo? Yule wa katikati, wa kuuliza kwa nini mpaka usingizini, bado anawachosha walimu au wameshamnyamazisha? Sisi huku tunapumua. Mama anakula, anatembea mpaka barazani, na leo asubuhi amemsema jirani kwa kufagilia vumbi upande wetu, kwa hiyo ujue nguvu zinarudi. Mkono wa kushoto ndio bado mzito. Unashika kikombe vizuri, ila kukiachia unasitasita, kama mtu aliyesahau neno.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema nisikilize, unasema wewe ndiye unisikilize, na salio linaishia hapo. Barua huwezi kuikatiza. Na nataka unisikilize mpaka mwisho kuhusu yale uliyomwambia Mama Jumapili. Ulimwambia ni mkaidi, na kwamba hukutegemea mtu mzima aache dawa za presha halafu kila asubuhi aidanganye simu ya kliniki kuwa amemeza, mpaka aanguke jikoni na kututia hofu wote. Nesi alishamwambia hayo hayo kwa maneno laini zaidi. Mama alinirudishia simu akageukia ukutani, na tangu hapo habari za dawa hataki zitajwe mbele yake. Dada, Mama hakudanganya. Ila ili unielewe inabidi kwanza uijue kazi yangu, na kazi yangu huwezi kuijua bila kumjua bosi wangu.

Bosi wangu tunamwita Bibi Nyamaza. Si mzee, ni jina tu la heshima na utani. Amesoma mpaka vyeti vimekosa ukuta, lakini mimi niliyeachwa na shule kidato cha pili hajawahi kunifanya nijione boya. Nilifika pale kupeleka maboksi ya karatasi. Akaniomba nikae kidogo nijaribu skrini moja ya kulipia maji. Nilikosea kwa ufundi wa hali ya juu, huku nikiisema ile skrini kama ninavyomsema kuku anayeingia ndani, na yeye anaandika kila neno. Nilipomaliza akaniuliza kama nina kazi. Nikamwambia ninazo nyingi ila naweza kumfikiria.

Kazi yake ni kutazama jinsi watu wanavyohangaika na vitu vyenye vitufe na maandishi, halafu kuvitengeneza upya mpaka vimfuate mtu, badala ya mtu kuvifuata vyenyewe. Chumba chake hakina makuu: meza moja, viti vitatu, pazia la rangi ya majivu, na kamera ndogo inayotazama vidole tu, sura haiitaki. Mgeni anapewa simu na kuambiwa, kwa mfano, ajiandikishe kliniki. Kuanzia hapo Bibi anafunga mdomo. Mgeni anapapasa, jasho linamtoka, mimi ulimi unaniwasha nimwambie mzee bonyeza hapo juu kulia, na Bibi ananikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye ananiuliza: tukimwelekeza hapa, nyumbani kwake ataelekezwa na nani? Viatu vyangu vyote vina alama za swali hilo.

Ungemwona, Dada, ungempenda hata wewe usiyependa mtu. Alikuja mwalimu mstaafu ambaye kila alipokosea aliomba radhi, samahani mama, samahani kijana, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Bibi akamwambia kwamba mwanafunzi pale ni simu, yeye mwalimu asahihishe tu. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa upya, akaanza kusahihisha kwelikweli. Aliipa simu sifuri na kusema wazazi wake waitwe. Siku nyingine alikuja muuza mboga akiwa na mtoto mkononi, simu ameishika kwa mkono mmoja, na kidole gumba hakikufika pembeni kulikokaa kitufe. Hakuna aliyemwomba amweke mtoto chini. Kesho yake kitufe ndicho kilichokuwa kimehama, ingawa kijana wetu wa programu alikuwa amekihangaikia wiki nzima na alinuna kama aliyenyang'anywa kiti.

Sasa huo ukompyuta wangu. Kabla ya kutengeneza programu yenyewe, tunachora kila skrini kwenye karatasi yake. Mgeni anabonyeza kitufe cha kuchora kwa kidole, na mimi niliyekaa mbele yake naiondoa karatasi ile na kuweka inayofuata, upesi, bila kusema kitu. Nyuma ya kila karatasi, upande ninaousoma mimi peke yangu, kijana wa programu ameandika mishale: kitufe hiki kinakwenda karatasi hii, kile karatasi ile. Amri ya Bibi ni moja, nifuate mshale hata kama naona mgeni anapotea. Aliniambia kompyuta haina huruma wala umbea, na kwamba hiyo huruma yangu niiache mlangoni pamoja na kofia. Wageni wananichokoza. Dereva mmoja alilalamika kwamba kompyuta yetu inapiga chafya. Fundi cherehani akaniuliza kama nimeoa, nikataka kumjibu, nikakumbuka kwamba hicho kitufe hakijachorwa.

Ndipo ikaja kazi ya kliniki, hii ya wagonjwa wa presha na sukari. Kila asubuhi simu ikuulize kama umemeza dawa. Ukisema hujameza, nesi akupigie ajue tatizo ni nini, zimeisha, zinakutapisha au umesahau. Ofisini walikuwa wameandika: "Je, umekwisha kutumia dawa ulizoandikiwa kwa siku ya leo?" Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikawaambia hiyo ni sauti ya polisi, mgonjwa atatafuta wakili kwanza. Nikawaambia nyumbani kwetu mimi humuuliza Mama, "Hujameza dawa?", basi, na anajibu. Waandike hivyo, na chini yake vitufe viwili, NDIYO na HAPANA. Kijana wa programu akasema ana wasiwasi na swali hilo, ila hakuweza kusema wasiwasi wenyewe ni upi, na mimi nikamwambia ni wivu. Bibi akatukatiza kwamba pale hatubishani, pale tunajaribu.

Tukachora maswali yote mawili, na wageni tukawaambia huyu ajifanye amemeza, yule hajameza. Lile la polisi watu walilisoma wakarudia, wengine kwa kufuatisha na kidole. Langu walitabasamu na kubonyeza papo hapo, na kila mmoja alifika alikotakiwa kufika. Hakupotea hata mmoja. Bibi akaniambia mbele ya ofisi nzima kwamba nina sikio. Siku hiyo nilirudi nyumbani shingo ndefu, na Mama akauliza kama nimelalia mto vibaya.

Programu ilipokuwa tayari, mimi mwenyewe nilimwandikisha Mama kwenye kundi la kwanza. Nikamwambia sasa ameunganishwa moja kwa moja na kliniki, akiwa na shida aiambie simu, nesi ataipata hapo hapo, hana tena haja ya kunituma mimi. Ofisini tuna skrini kubwa ambapo kila mgonjwa ni kidoti, na kidoti cha kijani maana yake amemeza. Cha Mama kilikuwa kijani kila siku. Niliwaonyesha wenzangu na kuwatambia kwamba mnaona mama aliyenizaa, mnaona nidhamu ilikotoka. Na nyumbani nikaacha kumuuliza. Kwani ya nini, kliniki nzima inamuuliza.

Kuanguka kwake unakujua. Jirani ndiye aliyemkuta. Kliniki wakafungua kumbukumbu, wakaona ndiyo, ndiyo, ndiyo, na pakiti yake nyumbani tupu siku nyingi. Wakasema mama huyu anadanganya. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Bibi Nyamaza aliposikia hakuuliza kama Mama ni mkaidi. Alikuja nyumbani siku iliyofuata, akakaa kwenye kile kigoda chetu kibovu bila kulalamika, akampa Mama simu na kumwomba aitumie kama asubuhi zote. Kisha akafunga mdomo. Mama akasoma kwa sauti, "Hujameza dawa?" Akasema, kwa upole kabisa, kama anaongea na mtu, "Ndiyo, sijameza, zimeisha." Akabonyeza NDIYO. Simu ikamwandikia: Asante, tumepokea.

Dada, umeona? Mama alikuwa anaijibu kama anavyonijibu mimi, kama ulivyokuwa unamjibu wewe ukiulizwa hujaoga. Ndiyo, sijaoga. Simu ikasikia ndiyo, amemeza. Dawa zilipokuwapo simu ilimkuta kabla hajameza, naye akaijibu ndiyo, bado; zilipoisha aliiambia kila asubuhi, nayo kila asubuhi ikamhakikishia kwamba imepokea, akawa anamngoja nesi apige. Kwangu hakusema kitu kwa sababu nilishamwambia asihangaike na mimi. Na uliposema ni mwongo hakujitetea kwa sababu hakujua kosa lenyewe ni lipi. Alijua tu kwamba alisema kweli na hakuna aliyemwamini.

Bibi alipiga magoti mbele ya Mama, na vyeti vyake vyote, akamwomba radhi. Alimwambia kosa ni la ofisi, yeye hakukosea popote. Hata kabla hajaondoka alipiga simu programu isimamishwe, na jioni ile tuligawana wagonjwa wote wa kundi la kwanza tukawapigia mmoja mmoja. Tukawapata wengine waliokuwa wanangoja kama Mama, wakapelekewa dawa kabla hawajadhurika. Kwenye skrini sasa kuna vitufe viwili tu, NIMEMEZA na SIJAMEZA, na swali langu limetupwa. Kwa kliniki ameandika kwamba lawama ni yake. Sijawahi kufanya kazi na mtu wa namna hii, na sijui kama nitampata mwingine.

Ila lipo jambo linalomnyima raha. Kila asubuhi anazitandaza zile karatasi mezani anauliza, mbona hapa hawakukosea hata mmoja? Watu wa aina ile ile, swali lile lile, vitufe vile vile. Tatizo lilipaswa kuonekana kwenye karatasi, ndiyo maana tunachora. Anadhani njia yake yenyewe ya kazi ina kasoro, na anafikiria kuiacha. Anatutazama, na mimi natazama viatu.

Njia yake haina kasoro. Wageni walibonyeza kila mtu kwa jinsi mdomo wake ulivyozoea kujibu. Mwalimu mstaafu alibonyeza NDIYO akisema ndiyo, bado. Fundi cherehani alibonyeza HAPANA akisema hapana, sijameza. Mshale wa NDIYO ulikwenda kwenye asante, wa HAPANA ukaenda kwa nesi, haukujua mengine. Lakini mimi nilikuwa nawasikia. Nikajua kila mmoja anataka kufika wapi, nikampeleka. Ningefuata mshale, mwalimu angepotea mbele ya macho ya Bibi siku ile ile ya kwanza, na swali lingekufa kwenye karatasi. Nami sitakudanganya kwamba ilikuwa huruma tu. Niliuona mshale unakwenda kwingine. Nilijua ukifuatwa swali langu litashindwa na lile la polisi, na kijana wa programu atacheka. Nikaweka karatasi nyingine, upesi, bila kusema kitu.

Mama nimemweleza leo mchana. Akaniambia nimpe maji, nikampa. Kesho nitamweleza Bibi, kabla hajazitandaza tena zile karatasi. Wewe nimekutanguliza kuliko yeye kwa sababu wewe ndiye uliyemtupia Mama maneno yaliyostahili kutupiwa mimi.

Msalimie Shemeji, na watoto uwabusu kwa zamu wasigombane. Ukimpigia Mama mwambie unajua alisema kweli, halafu ndipo umuulize hali ya mkono. Mimi unaweza kunisema utakavyo, sitakukatiza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba