Kanada ya Mama Tabby

Ijumaa, 3 Oktoba. Naseem, Riyadh.

Nimeosha gari. Joto limeanza kupungua, mchana usukani unashikika. Nimempeleka Baba, mzee aliyeniajiri, msikitini, nimemrudisha, nimekula wali chumbani kwangu kando ya lango. Halafu nikampigia mke wangu, Nekesa, aliye Jeddah, kama kila Ijumaa.

Ana habari. Madam wake anaenda Kanada mwezi wa kwanza. Binti ya madam anaishi Halifax na mumewe, anatarajia mtoto, na madam anataka Nekesa aende naye wakasaidie kulea. Miezi mitatu hivi. Alikuwa anaongea kama mtu anayezuia kicheko.

Nikasema hongera. Nikakata simu nikisingizia Baba ananiita. Baba alikuwa amelala.

Kanada. Mimi ndiye niliyeikariri Kanada. Kidato cha tatu: kilimo cha ngano, misitu ya misonobari, Maziwa Makuu, meli kupanda mto mpaka katikati ya bara. Nilichora ramani yake vizuri mpaka mwalimu akaibandika ukutani. Nekesa aliacha jiografia akachukua historia, akisema mvua za watu wengine hazimhusu. Sasa yeye ndiye anaenda.

Nina wivu. Acha niandike hivyo hivyo. Hakuna anayesoma.

Jumanne, 7 Oktoba.

Nimempeleka Baba kukandwa goti. Baba ndiye kafili wangu, mwalimu mstaafu, na ujanani alisomea Kanada. Nilijua hilo. Leo nimemuuliza, basi hakunyamaza njia nzima, Kiarabu, Kiingereza na mikono.

Anasema ni nchi kubwa mno halafu tupu. Watu karibu wote wamejibana chini, kusini, wakiegemea mpaka wa Marekani. Huko ndiko kuna udongo wa kulima, ndiko mito na reli zilikopita, na baridi ina nafuu. Ukipanda juu ni msitu, maziwa na mawe, kisha hata msitu unaisha. Kuna vijiji huko havina barabara, unafika kwa ndege. Ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Nyumba wanaziweka juu ya nguzo, la sivyo joto la nyumba linayeyusha ardhi na nyumba inazama.

Nikauliza Halifax. Akasema Halifax iko baharini mashariki, bahari inapunguza makali. Theluji ya majimaji, mvua, upepo. Baridi yenyewe iko katikati ya nchi, huko kope zinashikana.

Nilipaswa kufurahi kwamba hataumia sana. Sikufurahi. Nilitaka iwe mbaya.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Sasa niandike jina lake. Ken.

Ken wa kwaya. Sauti ya tatu, meno mazuri. Alimtaka Nekesa kabla yangu, na kama asingeondoka sijui. Aliondoka akaenda Kanada. Anaendesha lori kubwa, anaishi Calgary. Sote bado tuko kwenye kundi la wanakwaya wa zamani, kwa hiyo kila theluji inayomwangukia naiona. Leo ameweka picha ya lori lake na milima nyuma, tayari nyeupe.

Nekesa ameweka moyo. Moyo mwekundu. Mimi niliwahi kutuma picha nimesimama kando ya gari la Baba limeng'aa, nikapata kidole gumba.

Nimemuuliza Baba Calgary iko wapi. Magharibi, chini ya milima. Na kutoka Halifax? Akacheka. Akasema ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka Nairobi yako. Nikamwomba arudie. Akarudia. Masaa yao pia hayafanani, wa Halifax wakila chakula cha mchana wale wa Calgary ndio kwanza wanakunywa chai.

Nchi nzuri hiyo. Nimelala usingizi mzuri adhuhuri.

Jumatano, 15 Oktoba.

Nekesa amepiga saa za kazi. Hapigi saa za kazi.

Viza. Niandike vizuri. Alipokuja huku, ajenti wa Nairobi alimwambia aseme hajaolewa, kwa sababu madam wengi hawataki mwanamke mwenye mume, atalia kila siku anataka kurudi. Akasema hajaolewa, hana mtoto. Tabby wetu yuko kwa mama yangu Bungoma, anapoteza meno ya mbele, lakini pale Aziziya, nyumbani kwa madam, hayupo duniani. Na mimi ni kaka. Kila nikipanda basi Batha, mtaa wa stendi na maduka hapa Riyadh, kwenda Jeddah, nafika langoni kwa madam, nasalimia kwa adabu, naruhusiwa kusimama na dada yangu mbele ya bakala, kiduka cha mtaa, mpaka aitwe. Miaka yote hii ni kaka wa mke wangu.

Sasa anayewashughulikia viza amesema mwanamke asiye na mume wala mtoto watamnyima. Wataona hana kinachomrudisha. Basi Nekesa amemkiri madam kila kitu. Asubuhi nzima madam aliosha vikombe mwenyewe. Mwishowe akasema halas, yamekwisha, lete cheti cha ndoa, na mumeo aandike barua kwamba anajua unakwenda na anakungoja.

Cheti ninacho mimi, kwenye sanduku chini ya kitanda.

Kwa hiyo mara ya kwanza mke wangu kutamka katika nchi hii kwamba ana mume, ametamka ili apande ndege. Hilo limenikaa hapa kifuani toka mchana.

Nimemwambia nitakitafuta.

Jumapili, 19 Oktoba.

Sijatuma. Sijakitafuta pia, maana najua kilipo.

Leo nimemuuliza Baba kuhusu barabara. Kosa. Akasema kwa vile watu wote wako kwenye ule ukanda wa kusini, barabara kubwa nayo imewafuata, kutoka bahari hii mpaka bahari ile. Kila kitu kinapita hapo kwa malori. Nikauliza, malori ya Calgary yanafika Halifax? Akanishangaa. Halifax ni bandari, Yosia. Yasifike kwa nini?

Nilikuwa najiliwaza na ule utupu wote, kumbe utupu uko juu, hauko kati yao. Kati yao kuna barabara, na Ken analipwa kuipita. Karibu nipite taa nyekundu. Baba akasema shwaya shwaya, polepole.

Alhamisi, 23 Oktoba.

Tumegombana. Ameuliza, "Baba Tabby, cheti umepata ama hujapata?" Nikasema nina kazi nyingi. Akauliza tena. Nikasema muulize Ken.

Nikasikia maji yanatiririka kwenye sinki yake.

"Kwani hii yote ni Ken?"

Nikasema sijui, niambie wewe. Akasema ule moyo aliweka kama watu wote wa kundi, na hata yule mzee wa besi aliweka. Nikaenda kuangalia. Ni kweli, mzee ameweka mioyo miwili. Haijanisaidia.

Kisha akasema dada ya madam ana msichana Mwindonesia ambaye hati zake ziko tayari. Madam anangoja mpaka Jumapili. Halafu akasema, bila hasira, "Ungekuwa ni wewe unaenda, hata haungeniuliza."

Ni kweli. Ningefunga mkoba siku hiyo hiyo. Ningemtumia picha za ngano. Hilo ndilo linaniuma kuliko Ken, na sitamwambia.

Jumamosi, 25 Oktoba. Jeddah.

Nimeomba ruhusa kwa Baba, nikapanda basi Batha jana. Jeddah ni jasho tupu, hewa imelowa, shati limenishika mgongoni kabla sijatoka stendi. Cheti nimekiweka ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Hata hapo nilikuwa sijaamua. Ningeweza kusema nimekikosa na nimekuja kuomba radhi.

Nikabonyeza kengele. Madam mwenyewe akatoka. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Wewe kaka?"

"Hapana, madam. Mimi mume."

Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema alijua kitambo. Kaka gani anamletea dada yake manukato kila akija, na anasimama juani mpaka shingo inaungua? Akasema Nekesa ndiye alidhani madam ni mjinga, na hilo ndilo lililomkasirisha, si mume.

Dereva wao amesafiri. Madam akatufungulia chumba cha huyo dereva, akaleta tende na kahawa, akasema mlango ubaki wazi, akaondoka. Hatujawahi kukaa chini ya paa moja katika nchi hii. Tumezoea kuongea kwa haraka tukitazama lango. Akaona kifungo changu kinaning'inia, akaenda kuleta sindano, akashona nikiwa nimevaa shati. Kichwa chake kilikuwa hapa chini ya kidevu changu. Kinanuka vitunguu na sabuni.

Nikampa cheti. Barua nikaiandika pale pale kwa Kiingereza changu cha shule. Kwamba ni mke wangu, tuna mtoto mmoja, najua anakwenda, atarudi. Hapo kwenye atarudi kalamu ilisimama. Nitajuaje mimi?

Nikaandika. Si wema. Niliandika kwa wivu ule ule. Nilitaka karatasi iingie ofisi za nchi ile kabla yake, iseme huyu ana mwenyewe.

Sikumwambia hayo. Alidhani nimemsamehe, akanishika mkono mpaka madam akaita.

Jumapili, 14 Desemba.

Amepata viza. Nimesema hongera, na safari hii sikukata simu. Amelia. Nimeosha gari mara mbili.

Jumapili, 4 Januari.

Ameondoka jana. Baba ameniuliza kama amefika, nikasema bado yuko hewani. Baba ameniwekea joto la Halifax kwenye simu yangu, pembeni ya la Riyadh. Nimemwomba aweke na la Calgary pia. Hakuuliza kwa nini.

Ijumaa, 9 Januari.

Baridi leo hata hapa Naseem, nimevaa sweta. Mtoto amezaliwa salama, wa kiume. Nekesa amenipigia. Huko kwao ilikuwa asubuhi, gizagiza.

Nilikuwa na maswali yangu tayari. Bandari ikoje, barabara kubwa inapita wapi, ameona nini. Hajaona kitu. Kutoka uwanja wa ndege walipanda gari, madirisha yana ukungu, wakaingia nyumbani, na hajatoka tena. Akanigeuzia simu nione. Jiko. Sinki, chupa za mtoto, meza. Dirisha moja, nyuma yake nyeupe. Akasema ukiondoa hilo dirisha, ni Aziziya. Madam ni yule yule, vitunguu ni vile vile. Anatoka tu kupeleka pipa la taka barabarani, hatua chache, na hewa inampiga kifuani mpaka anasahau alichofuata.

Nchi nzima ile. Nikamuuliza yale maziwa, misonobari. Akasema, "Baba Tabby, kuna mti mmoja. Sijui ni wa nini."

Ken hakumtaja, nami sikuuliza. Niliangalia baadaye: yuko Calgary, na kuko baridi mara tatu ya Halifax. Nilifurahi kidogo.

Kabla hajakata alisema vidole vya miguu vinamuuma akirudi ndani. Nimemwambia avae soksi mbili, za pamba ndani, za sufu juu. Amesema hana za sufu. Kesho nitapita Batha niangalie kama zipo, na kama kuna mtu anakwenda upande ule.