Baba, Haikuwa Tumbaku

Mpendwa Baba,

Ejok, nakusalimu. Simu yako haipatikani tangu uende Kaaleng kwa Baba Mdogo anayekuchungia mbuzi, kwa hiyo nimeomba barua hii isomwe redioni, maana najua redio yake haizimwi jioni. Utakasirika kwamba nimekutangaza. Kasirika, lakini sikiliza hadi mwisho.

Unakumbuka macho yako yalivyogeuka manjano pale buchani kwako Kakuma? Ulikuwa ukijikuna mgongo kwa mpini wa kisu, wateja wakidhani unawachekesha. Kwetu mtu akiugua ini, mshukiwa wa kwanza ni mbwa, kwa sababu ya ule mnyoo wake unaowaotesha watu uvimbe tumboni. Basi mbwa wetu Polisi akahukumiwa bila kesi. Ukampeleka Kalobeyei kwa rafiki yako, ukarudi peke yako. "Hii ni kitu ya mbwa tu," uliniambia, ukijifanya vumbi limekuingia machoni.

Hospitalini Lodwar wakakupiga picha ya tumbo. Uvimbe wa mnyoo haukuwepo, wala mawe. Walichoona ni mfereji unaotoa nyongo kwenye ini, jirani na kile kifuko unachokikwepa ukipasua mbuzi ili nyama isiwe chungu. Mfereji huo ulikuwa umebanwa, nyongo haipiti. Mtu mmoja kwenye foleni akasema saratani, na tukasafiri na neno hilo mpaka Eldoret.

Pale Eldoret daktari alikutazama chini ya taya, akasema, "Mzee, tema tumbaku kwanza nikuangalie."

"Tumbaku gani?" ukamjibu. "Mdomo imekauka, hata tumbaku imenishinda."

Nilicheka. Sokoni wote walikutania kwa hilo taya lililojaa, nami nikiwa mstari wa mbele. Daktari hakucheka. Alibonyeza upande huu, akabonyeza ule, akaagiza damu ipimwe tena. Wakakuwekea mrija mdogo ili nyongo ipite, wakachukua na kipande cha mfereji wakakipime. Wewe hukungoja majibu. "Kama ni saratani, mimi nakufa karibu na mbuzi yangu," ukasema, ukaondoka.

Majibu yamekuja, Baba. Kipande hakina saratani. Kinga ya mwili wako, inayopaswa kukupigania, imekugeukia wewe mwenyewe. Imevimbisha mfereji wa nyongo, kongosho, na tezi za mate chini ya taya. Ndiyo maana daktari alikushika pale kwanza. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao sana kwenye picha, unaojaza mifereji ya nyongo makovu, na huo hausikii dawa. Wa kwako kwa kawaida husikia. Tiba yake ni vidonge tu. Daktari hakuniahidi miujiza. Alisema watakuchunguza mara kwa mara, na sukari wataipima, maana vidonge hivyo huipandisha. Lakini ukichelewa mfereji utakakamaa, na ule mrija nao huziba, lazima ubadilishwe.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mbele za watu. Nilikuwa nimeshaanza kukuzika moyoni, na sikuwa nimemwambia mtu. Sasa nina matumaini mpaka nashindwa kula.

Rudi, Baba. Siku ya soko lori la mbuzi linashuka; mwambie Baba Mdogo akukalishe mbele na dereva. Nitakungoja Lodwar, twende pamoja Eldoret. Polisi nimeshamrudisha nyumbani, na dawa ya minyoo nimempa, tusibahatishe. Aliponiona Kalobeyei alinirukia, akaninusa mikono, kisha akachungulia nyuma yangu kama umekuja.

Na kama kuna mtu anayesikia haya akiwa njiani kwenda Kaaleng, tafadhali amfikishie mzee. Amwambie si saratani, amwambie mara mbili, maana anapenda kubisha.

Daktari anasema taya litapungua. Sokoni watakushangaa. Halafu siku mate yatakaporudi mdomoni, mimi niliyekuwa nikikukataza kila siku nitakununulia tumbaku kwa mkono wangu. Nataka nikukute buchani shavu limejaa, nikuambie uteme, na safari hii uwe na cha kutema.

Binti yako, anayetazama barabara ya Kaaleng