Wamama Wanakuja Kuombea Kiti

Jumatatu, 8 Septemba

Vioo tena. Haya makao makuu ya kampuni ya juisi hapa mjini Wote ni kioo chini hadi juu, kama chupa. Ukiwa ndani unaona mji wote. Ukiwa nje unajiona mwenyewe tu. Dirisha hata moja halifunguki. Mashine ya baridi ikizima tunaiva kama maembe kwa gunia. Aliyechora jumba hili hajui jua la Ukambani. Lakini kupangusa kioo, nani ananishinda? Hakuna.

Jumanne, 9 Septemba

Bosi hayupo. Nilipangusa ofisi yake ya juu, nikavua ovaroli, nikakaa kwa kiti chake cha ngozi. Picha moja. Nikamtumia mama kule Tawa. Ajue alizaa nani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwisha. Picha imefika kanisani. Kikundi cha wamama kinakuja kesho kuombea kiti changu. Kiti! Nikamwambia mama soja wa mlangoni hataruhusu mtu kuingia.

"Tutaombea hapo nje, mwana wakwa. Mungu hahitaji lifti."

Silali.

Ijumaa, 12 Septemba

Walikuja na leso sare, wakiimba. Mimi ndani, na ndoo. Mlango wa mbele unataka kadi ya wakubwa. Yangu ni ya mlango wa nyuma tu.

Mama akaja mpaka kwa kioo changu. Akajitazama, akafunga kitambaa upya. Uso wake hapa, wangu hapa. Hakuniona. Nyuma yake mikono yote imeinuliwa kwa dirisha la bosi.

Ningenyamaza, angerudi Tawa akiwa mkubwa. Nilitaka kunyamaza. Sikuweza.

Nikazunguka nyuma, nikatokea mbele yao na ovaroli, ndoo mkononi. Wimbo ukakatika.

"Na kiti, Mutua?" Huyo ni Mama Kalondu, jirani yetu.

"Ni cha bosi. Mimi ni wa vioo."

Mama yangu akaangalia ndoo. Akaweka kiganja kwa kioo, akakitoa, akakitazama. Hakuna vumbi.

"Kwani mmechoka?" akawaambia. "Ombeni."

Wakaomba. Hakuniangalia tena.

Jumatatu, 15 Septemba

Vioo. Mama alipiga simu jana, akauliza kama nimekula. Kiti hakutaja.

Alama ya kiganja chake bado iko pale mbele, upande wa nje. Nimepangusa huku ndani mara mbili. Haitoki.